Kutoka Tutani hadi Sufuriani: Mboga za Nyumbani Nakivale na Kikagate

Mboga iliyochumwa nyuma ya nyumba ina sifa moja ambayo mboga ya sokoni haiwezi kuwa nayo: haijasafiri. Fungu la lengalenga unalolikuta jioni kwenye soko la Base Camp, hapa Nakivale, huenda lilichumwa alfajiri, likafungwa kwa kamba ya mgomba, likapakiwa kwenye bodaboda, likanyunyiziwa maji mara kadhaa lisinyauke, likakaa juani na kupigwa na vumbi la barabara mpaka lilipokufikia. Ile ya nyumbani hutoka tutani ikaingia sufuriani kabla jani halijalegea. Wengi wetu tunalima mboga ili tusinunue, na hilo ni jambo la maana sana. Lakini tukishaivuna, tunaipika kama ile iliyochoka ya sokoni. Tunaichemsha mpaka inageuka rangi, tunamwaga maji yake, kisha tunaikaanga upya kwa mafuta mengi ili irudishe ladha ambayo tumeimwaga wenyewe. Ninachotaka kukushauri, ndugu msomaji, ni kwamba mboga ya nyumbani inataka upishi wake, na upishi huo unaanzia tutani.

Kwa nini jambo hili linanigusa? Makazi ya Nakivale, hapa wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wanyarwanda, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Waliotangulia walipata mashamba ya kueleweka. Wanaofika sasa hupewa kiwanja kidogo, na nyumba, jiko na choo vikishasimama, hubaki nafasi ya matuta machache. Aprili 2020 mgao wa chakula wa PAM, yaani Mpango wa Chakula Duniani, ulishushwa hadi asilimia 70, Februari 2021 ukashushwa tena hadi asilimia 60, na mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi ya uhitaji. Mgao tuliouzoea ni mahindi, maharage, mafuta na chumvi, au pesa kidogo badala yake. Majani mabichi hayamo. Kwa hiyo katika sahani nzima, mboga ndiyo sehemu ambayo mama au baba wa nyumba anaweza kuiamulia mwenyewe, na hasara yake jikoni haifidiwi na mtu mwingine.

Jambo la kwanza ni mpangilio wa moto. Nyumba nyingi zina jiko moja, liwe la kuni au sigiri ya mkaa. Desturi ni kupika mboga kwanza, kuiweka pembeni, kisha kusonga bugari (ugali), na wakati wa kula mboga inapashwa tena. Geuza mpangilio huo. Maharage, kama yapo, yatangulie. Bugari ifuate, ifunikwe vizuri, maana inatunza joto muda mrefu. Mboga ya majani iwe ya mwisho. Kitunguu kikiwa tayari kwenye mafuta na nyanya zimekatwa, ndipo mtoto atumwe bustanini. Lengalenga changa inahitaji dakika tano tu motoni, na ukiipika mwisho italiwa ikiwa bado kijani, ina maji yake na harufu yake.

Kama unashinda shambani au kibaruani na huwezi kuchuma jioni, chuma asubuhi mapema umande ukiwepo. Usioshe. Zifunge mboga kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, uziweke ndani ya mtungi wa udongo au beseni lililofunikwa, mahali penye kivuli. Zitafika jioni zikiwa na nguvu. Kilichooshwa au kukatwa asubuhi huanza kuoza na kupoteza vitamini kabla hujarudi.

Kuosha nako kuna utaratibu wake. Osha majani yakiwa mazima, ukate baadaye. Ukikata kwanza, sehemu ya uzuri wake inaondoka na maji ya beseni, na hasa vitamini C, ambayo huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto. Tumbukiza majani, yatikise, yaache kidogo mchanga utue chini, kisha yainue kwa mikono. Usiyamimine pamoja na maji, la sivyo ule mchanga wa chini utarudi juu yake. Rudia kwa maji mengine. Mboga za kuliwa mbichi, kama nyanya, kotmiri na vitunguu vya kachumbari, zioshwe mwisho kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Maji ya ziwani na ya mabwawa si ya kuaminiwa. Maji ya kuoshea usiyamwage barabarani, yarudishe tutani.

Sasa tuzungumze juu ya majani yenyewe, kwa sababu kila jani lina sheria yake na kosa kubwa ni kuyapika yote kwa namna moja.

Lengalenga, ambayo jirani Mganda ataiita dodo na Mtanzania wa Murongo ataiita mchicha, ndiyo rahisi kuliko zote. Mbegu ikimwagwa leo, baada ya wiki tatu au nne unaanza kula. Usiing'oe. Ikate kwa ukucha juu ya majani mawili matatu ya chini, nayo itachipua matawi mapya, kila tawi likupe mboga tena. Jikoni, kaanga kitunguu kwenye kijiko kimoja au viwili vya mafuta, weka nyanya, ziache ziive mpaka mafuta yaanze kujitenga, kisha tia majani bila kuongeza maji. Maji yaliyobaki juu ya jani baada ya kuoshwa yanatosha. Funika dakika mbili, geuza, funua, maliza. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu sufuria iliyojaa majani itashuka hadi robo, na aliyetia chumvi mwanzoni kwa kukadiria wingi wa majani atakuta imekolea kupita kiasi. Ni majani makubwa tu, ya mmea ulioanza kutoa maua, yanayostahili kuchemshwa kidogo na maji yake kumwagwa, maana yanakuwa makali kinywani. Yale machanga usiyakamue. Wanaokamua lengalenga changa hadi inakuwa tonge wanabaki na nyuzi.

Sombe iko upande wa pili kabisa. Jani la muhogo lina sumu kali ya asili, na hapa haraka ni hatari. Halipikwi nusunusu, wala haliliwi likiwa karibu bichi hata na mwenye haraka gani. Lipitishe kwenye maji ya moto au juu ya moto mpaka lilegee, litwange kwenye kinu likiwa pamoja na kitunguu saumu, majani ya kitunguu na pilipili hoho, kisha lichemshe sufuria ikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke. Mafuta ya mawese, karanga au ndagala (dagaa) vije baadaye, sombe ikishalainika. Kinu ndicho kinachookoa kuni: sombe iliyotwangwa sawasawa huiva mapema kuliko iliyopondwa harakaharaka. Kwa kuwa inakula moto mwingi, ipike siku ambayo maharage nayo yako jikoni, na upike ya siku mbili. Kesho yake ichemke upya kabisa kabla ya kuliwa. Kupashwa kidogo hakutoshi. Na usiuvue muhogo majani yake yote, maana hayo ndiyo yanayojaza mizizi. Chuma kidogo kwenye kila shina.

Isogi, mgagani kwa Watanzania na eshogi kwa Wanyankole wenyeji wetu, inawakimbiza wengi kwa uchungu wake. Iko karibu na nyumba zetu bila hata kupandwa, na watoto wanakua wakisikia kwamba ni chakula cha wazee. Mimi naithamini kuliko sukuma wiki bila kusita. Siri yake ni kuichuma kabla ya maua, na kila ua linapotokeza kulikata, ili mmea uendelee kutoa majani. Ichemshe dakika chache kwa maji kidogo, mwaga maji ya kwanza kama uchungu umezidi, kisha mimina maziwa, moto ukiwa mdogo, ukikoroga polepole yasikatike. Huku Ankole, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, maziwa si anasa ya mbali, na hata kikombe kimoja kwa sufuria ya familia kinatosha kuibadilisha isogi kabisa. Kijiko cha samli mwishoni kinaikamilisha. Kenya, kwa Waluo na Wakisii, huiacha ilale na maziwa usiku kucha ndipo iliwe kesho yake, na ladha inazidi kutulia. Huku kwetu bila friji, fanya hivyo siku za baridi tu, na uichemshe tena kabla ya kuipakua.

Mnavu, eshwiga kwa hapa, hupikwa kwa njia iliyo karibu na hiyo. Chuma majani na ncha laini, zile punje za kijani zisizoiva uzitupe kabisa, maana zina sumu. Wafundishe na watoto, kwa kuwa wao ndio wanaozichezea.

Majani ya maboga yanahitaji mikono kabla ya moto. Vunja kikonyo, vuta zile nyuzi za nje zishuke na ngozi ya jani, kisha yasugue viganjani ili yale manyoya yake yafe. Hapo ndipo yanapokubali karanga. Kaanga karanga kavu, zitwange, zikoroge kwa maji ya uvuguvugu pembeni mpaka ziwe uji mzito, kisha umimine juu ya majani yaliyokwisha kulainika na nyanya. Moto uwe wa chini na mwiko usitoke mkononi, maana karanga hushika chini mara moja. Chagua karanga zako. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Maua ya boga nayo ni mboga: chuma yale ya kiume tu, yenye kikonyo kirefu chembamba kisicho na kiboga kidogo chini yake, na uache machache kwa ajili ya nyuki.

Matembele, majani ya maharage na majani ya kunde nayapita haraka, kwa sababu sheria yao ni moja: ncha changa, moto mfupi, na kiasi. Ukipunguza mno matembele, yaani majani ya viazi vitamu, utavuna viazi vidogo. Ukivua maharage yako majani yote kabla ya maua, utakosa maharage. Majani ya maharage yakatwe membamba na yapewe muda kidogo zaidi ya lengalenga.

Nyanya chungu, zile ambazo Warundi na Wanyarwanda huziita intoryi na Waganda entula, zichumwe zikiwa ngumu na bado nyeupe au kijani. Zikianza kugeuka manjano ngozi inakuwa ngumu na mbegu zinachukiza. Mimi napenda kuzipika kwa njia ya Waganda, ambayo kwa wilaya hii iliyojaa migomba haina gharama yoyote: menya viazi, muhogo au matoke uweke kwenye sufuria yenye maji kidogo, funika kwa jani la mgomba, kisha juu yake weka kifurushi kingine cha jani chenye nyanya chungu, biringanya au hata bamia. Mvuke wa chakula cha chini unapika mboga ya juu. Moto mmoja, sufuria moja, na hakuna maji ya kumwaga. Ukifungua kifurushi, ponda zile nyanya chungu kwa chumvi, kitunguu kibichi na pilipili. Mnyankole atakuambia uzile na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli unaopigwa kwa maji ya magadi na kuliwa baridi, na ushauri wake ni mzuri.

Kuhusu magadi yenyewe, tahadhari. Wapo wanaoyatia kila mboga ili iive upesi na ibaki kijani. Rangi inapendeza, lakini vitamini C inateketea. Yaache kwa mboga ngumu zilizokomaa, tena ncha ya kijiko. Mboga changa ya nyumbani haiyahitaji hata kidogo.

Mafuta, kwa upande mwingine, yasikosekane kabisa. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani na kwenye boga haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kijiko kimoja au viwili vinatosha sufuria ya nyumba nzima. Mboga inayoelea kwenye mafuta imeharibiwa. Mawese mekundu yenyewe yamejaa vitamini hiyo, basi usiyachome mpaka yawe meupe kama baadhi ya wapishi wanavyofanya ili kuondoa harufu. Rangi nyekundu inapotoweka, faida yake imetoweka nayo. Karanga, maziwa na parachichi hufanya kazi ile ile siku ambayo chupa ya mafuta iko tupu.

Na kuna suala la damu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani hupokewa vizuri zaidi na mwili yakifuatana na kitu kichachu chenye vitamini C. Kamua limau juu ya mboga ikishatoka motoni, au weka kachumbari ya nyanya mbichi pembeni. Chai na kahawa hufanya kinyume: huzuia madini hayo. Mama mjamzito anayekula lengalenga na maharage, kisha akateremshia chai hapo hapo, anajinyima sehemu kubwa ya madini hayo. Angoje saa moja hivi. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza chakula, chukua mboga ile ile ya familia kabla ya kutia chumvi na pilipili, iponde sana na kiazi au maharage, uongeze mafuta kidogo au karanga zilizosagwa laini. Hakuna haja ya kumpikia chakula chake peke yake.

Ndugu zetu wa kila taifa wamekuja na ufundi wao, na ajabu ni kwamba tunaishi uzio kwa uzio bila kuonjana sahani. Wasomali wa Base Camp hutengeneza basbaas ya kijani: kotmiri, pilipili mbichi, kitunguu saumu na ndimu, vyote vikisagwa pamoja. Kijiko chake juu ya maharage makavu ya mgao kinayafanya yawe chakula kingine, na kila kilichomo, isipokuwa ndimu, kinaota kwenye gunia moja mlangoni. Waethiopia hupika gomen, majani ya jamii ya sukuma wiki, kwa kitunguu saumu na tangawizi, bila nyanya. Sisi tuliozoea kuanza kila mboga kwa nyanya tungefaidika kujaribu, hasa miezi ambayo nyanya ni ghali. Mkongomani ana sombe yake, Mrundi ana maharage yake na ndagala. Muulize jirani anavyopika, umpelekee bakuli la kwako.

Ndagala zenyewe, ambazo sokoni Mbarara utaziomba kwa jina la mukene, zioshe kwa maji ya moto zitoe mchanga, zikaange kavu, kisha uziweke juu ya mboga mwishoni kabisa. Zikichemshwa pamoja na majani tangu mwanzo, zote mbili zinapoteza ladha.

Ukishajua unavyotaka kupika, panga matuta kwa kufuata sufuria. Vinavyotumika kila siku, kwa kiasi kidogo, na vinavyopendeza vikiwa vibichi, viwe hatua chache kutoka jikoni: kitunguu cha majani, kotmiri, pilipili, lengalenga, mashina machache ya sukuma wiki. Mama aliyeshika mwiko hatatembea mbali kwa ajili ya ncha tatu za kotmiri. Maboga na muhogo viende pembeni mwa kiwanja. Lengalenga usimwage mbegu zote siku moja. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kwa kuwa ni ndogo mno, umwage kipande kidogo, na baada ya wiki mbili kipande kingine, ili daima kuwe na changa. Familia nyingi hupata lundo la mboga Aprili na kukosa kabisa Julai, na sababu mojawapo ni kupanda kila kitu kwa mpigo. Sukuma wiki ichumwe kutoka chini kupanda juu, ukiacha majani manne au matano ya kileleni, nayo itakulisha miezi mingi. Ikate nyembamba kabisa, moto uwe mkali, na iondoke motoni ikiwa bado inatafunika.

Nakivale si nchi ya mvua nyingi. Tunatazamia mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ardhi inapasuka. Hapa tuta lililoinuliwa, lile tulilolizoea milimani Kivu au Burundi, hukauka upesi. Chimba tuta lishuke chini kidogo ya usawa wa ardhi, likusanye maji, ulifunike kwa majani makavu ya mgomba. Mwagilia jioni, kwenye shina. Maji ya kuoshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanafaa. Kwa wakazi wa Kikagate, walio na mto Kagera chini yao, maji yako karibu zaidi, ingawa kuyabeba kupanda mlima ni kazi, na jani lililomwagiliwa maji ya mto lioshwe kwa uangalifu ule ule niliotaja.

Mnaopanga vyumba Mbarara mjini mnasema hamna ardhi. Gunia lililojazwa udongo na samadi, katikati likiwa na nguzo ya kokoto za kupitisha maji, lina nafasi juu na ubavuni pote. Toboa matundu upandikize sukuma wiki na vitunguu. Madumu ya lita 20 yaliyopasuka yanafaa kwa pilipili na kotmiri. Anza na hivyo viwili, kwa sababu ndivyo vinavyobadilisha chakula cha mpangaji aliyechoka jioni: maharage ya jana, kotmiri ya sasa hivi, ndimu.

Mboga ya ziada ya msimu wa mvua iwekwe kwa ajili ya kiangazi. Isogi, majani ya kunde na lengalenga vinakaushika vizuri. Vitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, vitoe, vichuje, uvitandaze juu ya kitambaa safi au ungo mahali penye kivuli na upepo. Jua kali hukausha upesi lakini linaharibu vitamini A na kufanya majani yawe meupe. Yakishakuwa makavu ya kuvunjika, yaweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moshi na panya. Julai, yaloweke kwa maji ya uvuguvugu kidogo, uyapike kwa karanga au maziwa, ukitumia na maji yake ya kulowekea. Hayatakuwa na ladha ya Aprili, na mtu asikudanganye kwamba yatakuwa nayo, lakini ni mboga ya kijani wakati sokoni fungu limepanda bei na kupungua ukubwa.

Acha mashina mawili matatu ya lengalenga na isogi yakomae mpaka mwisho kila msimu. Kata vichwa vikikauka, vipukute juu ya gazeti, upepete, uweke mbegu kwenye chupa kavu. Shina moja lina mbegu nyingi kuliko kiwanja chako kinavyohitaji. Basi mvua za Septemba zikinyesha, na jirani mpya akiwa ametoka juzi kituo cha mapokezi cha Kabazana, hana chochote ila turubai na sufuria, mpelekee kijiko kimoja cha mbegu hizo na umwonyeshe pa kumwaga. Wiki nne baadaye naye atakuwa na mboga yake.